Jamu Iliyogeuka Buluu

"Katika Kasongo yote, nani ananishinda kupika jamu? Ajitokeze!" Mwamvita alitangaza hivyo sokoni, enzi za Wabelgiji, mpaka Mzungu mmoja, mke wa mwenye duka, akaahidi kuja jioni kuonja.

Nyumbani, maua mekundu ya ngai-ngai, yaani rosela, aliyoyachemshia jamu yalimtia ganzi meno kwa uchachu. Akatia maji ya majivu, kama alivyozoea kulainisha mboga. Jamu ikageuka buluu.

"Wifi, unamupikia Muzungu wino?" Nuru, dada ya mumewe, alicheka hadi akashika ukuta.

"Cheka, lakini leta ndimu!"

Mwamvita akakamua ndimu huku akitukana majivu. Ukali wa ndimu ukayashinda majivu, wekundu ukarudi, jamu ikaganda.

Jioni Mzungu akaja, akalamba kijiko, kisha akakilamba tena kwa siri. Akanunua chupa moja kwa faranga tano.