Siku Wazee wa Khayega Walipowashangilia Nyati

Jumamosi asubuhi, kabla umande haujakauka, kuna fahali hupitishwa barabarani karibu na nyumba ninayopanga mjini Kakamega. Humwoni kwanza. Unasikia pembe ikipulizwa, halafu ngoma za isukuti, halafu vishindo vya watu wanaokimbia polepole huku wakiimba, na mwisho inakuja harufu yenyewe: jasho la ng'ombe, majani yaliyokanyagwa na udongo mbichi. Majirani zangu waliotoka pande nyingine za nchi hufunga madirisha. Mimi hufungua langu, nikasimama pale na kikombe changu cha chai mpaka kelele ziishe, na kila mara huwakumbuka babu yangu wa Khayega na nyati wa Nakuru.

Msinicheke. Najua harufu ya ng'ombe ilipaswa kunikumbusha ng'ombe.

Babu alikuwa na fahali aliyeitwa Radi. Kwetu fahali wa kupigana hafanyi kazi nyingine yoyote. Halimi wala havuti mkokoteni. Hula vizuri kuliko watoto wa shule, na husifiwa kwa jina akipelekwa tu mtoni kunywa maji. Rafiki wa babu, Mzee Shitandi, naye alikuwa na wake, Meja. Wazee hawa walitahiriwa msimu mmoja, wakaoa mwaka mmoja, na tangu nipate akili zangu Mzee Shitandi alikuwa akija kwetu kila jioni kunywa chai na kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio ya babu, ingawa kwake kulikuwa na redio nzuri zaidi.

Kisha Radi na Meja wakakutanishwa uwanjani. Nilikuwa na miaka kumi, na nilitazama kutoka mabegani mwa baba. Fahali wetu alisukuma, akasukumwa, akageuka na kutimua mbio. Anayekimbia ndiye aliyeshindwa, na hakuna wa kumlalamikia. Hilo babu angelimeza. Lakini desturi inawaruhusu washindi kumwimbia fahali wao njia nzima hadi nyumbani, na njia ya kwenda kwa Mzee Shitandi inapita langoni petu. Babu alitegemea kwamba rafiki yake angewanyamazisha watu wake wakifika pale. Hakuwanyamazisha. Walisimama langoni, wakapiga isukuti, wakamwimba Radi mwoga, na katikati yao alikuwa Mzee Shitandi mwenyewe, kofia mkononi, akirukaruka kama kijana aliyetoka kuposa.

Tangu siku hiyo hakuja tena kunywa chai, na babu hakumwita. Ilipita miezi minane. Babu akawa anazima redio kabla habari hazijaisha. Kukhu, maana ndivyo tunavyomwita bibi, aliendelea kupika chai ya watu watatu, na iliyobaki alinipa mimi, nami nikainywa bila kuuliza. Lakini nilimwona babu akitazama lango kila saa moja jioni, na iliniuma. Mama alijaribu kumtuliza Kukhu kwa kumwambia kwamba fahali wawili hawakai zizi moja.

"Hiyo ni maneno ya watu," Kukhu akasema. "Nani aliulizanga fahali?"

Mwaka huo kina mama wa kanisa letu walikuwa wamejichanga wakapanga safari ya kwenda kuona wanyama katika mbuga ya Nakuru. Kukhu alikuwa na kiti chake, na mimi nilikuwa niende naye, nikibanana pembeni. Miezi mitatu mizima alizungumza juu ya twiga. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba twiga akitaka kunywa maji hulazimika kutanua miguu ya mbele, mmoja huku na mwingine kule, kama mtu anayeteleza kwenye tope. Kukhu hakuamini kwamba Mungu angemfanyia kiumbe wake jambo la aibu hivyo. Alitaka kuona kwa macho yake. Hata akiombea chakula alimtaja twiga.

Siku mbili kabla ya safari, goti lake likaanza kuuma. Jioni ya mwisho akatangaza kwamba hawezi kwenda, na kwamba kiti hakiwezi kwenda bure wakati nyumbani kuna mzee mzima.

Babu alikataa kabisa. Alijua vizuri kwamba mzee wa kanisa aliyeteuliwa kuusindikiza msafara alikuwa Mzee Shitandi.

"Kwa basi ya akina mama mimi naenda kufanya nini?"

"Utashika huyu mtoto. Ama unataka simba ikule mtoto ya mtoto yako?"

"Na yule mtu je?"

"Basi ni kubwa, baba Isaka," akasema Kukhu. "Utaketi mbele, yeye aketi nyuma."

Kisha akachinja jogoo. Hapo lazima niwaeleze wale ambao si wa kwetu: kuku ana imondo moja tu, yaani firigisi, na imondo haigawanywi ovyo. Ni ya mwenye nyumba. Akiitoa, humpa mgeni anayemheshimu kuliko wote, na kila aliye mezani huona na kuelewa. Kukhu aliifunga peke yake katika kipande cha jani la mgomba, akaiweka juu ya nyama nyingine, akanikabidhi kikapu.

"Ukirudi utanieleza kila kitu," akaniambia. "Usiache hata kidogo."

Tuliondoka alfajiri kwa basi la shule ya sekondari ya jirani, lenye viti vigumu na harufu ya soksi. Kina mama waliimba kutoka Chavakali hadi Kapsabet, wakanyamaza kwa sababu ya baridi, wakaanza tena jua lilipotoka. Babu aliketi kiti cha mbele nyuma ya dereva, uso dirishani. Mzee Shitandi aliketi kiti cha mwisho kabisa. Kati yao kulikuwa na wanawake thelathini, na ninaapa wote walikuwa wakichungulia mbele na nyuma kuona nani atamtazama mwenzake kwanza. Hakuna aliyetazama.

Langoni mwa mbuga alipanda mlinzi wa wanyama, dada mrefu mwenye sare ya kijani na buti zilizong'aa. Alitusomea masharti. Hakuna kushuka kwenye gari. Kina mama wakajibu, "Amina." Hakuna kuwatupia wanyama chakula. "Amina." Hakuna kelele. Hapo amina ilikuwa hafifu kidogo.

Nimewahi kurudi kwenye mbuga ile nikiwa mtu mzima, pamoja na wageni wenye kamera ndefu kama mabomba ya maji, na wao hunong'ona kana kwamba wako hospitalini. Basi letu halikuwa hivyo. Kina mama wa Khayega waliwatazama wanyama kwa jicho la mkulima. Waliafikiana kwamba pundamilia amenona lakini hafugiki, kwamba swala ni miguu mitupu, na walipomwona kifaru walibishana kwa muda mrefu kama angeweza kulima shamba lenye mawe. Yule dada aliacha kueleza mambo ya kisayansi, akawa anacheka tu.

Na twiga alikunywa maji! Tulimkuta kwenye kidimbwi. Alisimama akifikiri, akatanua mguu huu, akasita, akatanua ule, akasita tena, kisha ile shingo ndefu ikashuka taratibu mpaka mdomo ukagusa maji. Alipomaliza aliinuka ghafla, miguu ikarudi pamoja kwa kishindo kidogo, naye akatutazama kwa dharau kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tumetanuka. Nililikariri kila jambo kwa ajili ya Kukhu. Nilihesabu hata mara alizosita.

Ndipo tukawakuta nyati. Madume mawili yalikuwa karibu na barabara, vichwa chini, yakikaribiana kwa hatua fupi. Dereva akasimamisha gari. Pembe zikagongana, ngo! Basi zima likasahau kwamba liko Nakuru.

Sijui nani alianza. Mtu alipiga ubao wa kiti kwa viganja, mwingine akaitikia kwa chupa ya maji, na mara tulikuwa na isukuti kamili. Kina mama wa kulia wakamchukua nyati mweusi zaidi, wa kushoto wakamchukua yule mwenye pembe iliyovunjika ncha, na vigelegele vikapaa. "Tafadhali, kina mama! Tafadhali!" aliomba yule dada. Babu, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu nyumbani, alikuwa amesimama, kofia mkononi, akimsifu nyati asiyemjua kwa majina ya fahali wa ukoo wetu.

"Huyo mweusi amekwisha!" akapaza sauti. "Mguu ya nyuma inateleza!"

"Si mguu," ikajibu sauti kutoka nyuma kabisa. "Ni shingo. Angalia shingo."

Ngoma ikakoma. Babu hakugeuka. Macho yake yalibaki kwa nyati, lakini nilikuwa nimeshika koti lake na nilimsikia akivuta pumzi.

"Shingo iko sawa," akasema mwishowe.

"Shingo imepinda, wewe. Uliza mimi. Ngoja uone."

Tukangoja. Kweli shingo ilipinda, na yule mweusi akageuka akakimbia, mkia juu, moja kwa moja hadi vichakani. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kila mtu mle ndani alikumbuka siku ya Radi, na nilitamani ardhi ipasuke. Nilidhani babu angeketi na kurudisha uso dirishani.

Yule dada hakujua lolote juu ya mambo yetu. Alifurahi tu kwamba tumenyamaza. Akatueleza kwamba nyati akishindwa hukimbia, na mshindi hamfuati mbali. Akaelekeza kidole upande wa ziwa, ambako madume matatu makongwe yalilala kwenye tope, mgongo kwa mgongo. "Hao walishaondoka kundini," akasema. "Uzeeni wanaishi wawili au watatu pamoja. Akibaki peke yake, simba humpata."

Babu aliwatazama wale wa kwenye tope muda mrefu. Nyuma kule, Mzee Shitandi alikohoa.

Mchana tulishushwa mahali pa kulia chakula, penye meza za saruji na nyani waliotukodolea macho kama wadai. Nilifungua kikapu. Babu alikifungua kile kifurushi cha jani la mgomba, akakishika kiganjani, akaniambia nimngoje. Alipita meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee Shitandi alikuwa ameketi peke yake akimenya yai.

"Shika," babu akasema.

Mzee Shitandi aliitazama ile imondo. Akaliweka yai chini. "Siku ile langoni kwako," akasema, "nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa unaruka vibaya pia," akasema babu. "Kula."

Walirudi Khayega kiti kimoja, wakigombana juu ya shingo na miguu njia nzima, na mimi nikafukuzwa nikaketi juu ya kikapu.

Kukhu alikuwa jikoni tulipofika. Sikungoja hata nivue viatu. Nilianza na twiga, nikatanua miguu pale mbele ya meko, mmoja huku na mwingine kule, nikaanza kushusha shingo.

"Imondo alikula nani?" akanikatiza.

"Mzee Shitandi."

"Alipewa na nani?"

"Na babu."

Akajifuta uso kwa leso. Nilidhani ni moshi. Kisha akaketi kwenye kigoda chake, akanivuta karibu. "Haya, mama. Sasa niambie huyo twiga."

Lakini nilikuwa nimeshanuna. Nilikuwa nimemtunzia twiga siku nzima, nimehesabu hata kusita kwake, na yeye anauliza habari za firigisi. "Alikunywa tu," nikasema, nikaenda kulala. Kesho yake saa moja jioni Mzee Shitandi alikuja kunywa chai, akaanza kuitukana redio ya babu, na katika furaha ile twiga alisahauliwa.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu huko Navakholo, na likizo yangu ya kwanza nilikwenda kumwambia Kukhu ajiandae, nampeleka Nakuru. Babu na Mzee Shitandi walikuwa wamekwisha kufariki wote wawili. Kukhu alicheka, akagonga goti lake kwa kiganja.

"Sasa ndio inauma kweli," akasema.

Nilichelewa kidogo kuelewa. "Kumbe siku ile halikuwa linauma?"

"Kiti kilikuwa kimoja, mwanangu. Nikasema twiga atanigoja. Hao wawili hawangengoja."

Twiga hakumgoja. Kukhu alizikwa mwaka uliofuata bila kumwona. Mimi nimewaona wengi, na kila mmoja akianza kutanua miguu kidimbwini mimi hushindwa kutazama vizuri, kwa sababu ya machozi. Watu husema utotoni hatujui kutoa. Mimi nadhani hatujui kuona mtu anapotoa. Kukhu aliitoa safari yake yote akabakiwa na kipande kimoja tu, kile ambacho ningemletea mimi kwa maneno. Aliketi pale kwenye kigoda akakiomba, nami nilikuwa nacho chote, kila hatua na kila kusita, nikamwambia alikunywa tu.