Mafuta Mchangani Ikombe

Zebedayo alimwita Angetile mwizi katikati ya soko la Lyulilo, mbele ya wavuvi na wanawake wenzake wa vyungu, na kosa hilo Angetile hakulitenda. Zebedayo alikuwa msimamizi wa mashua ya injini ya Bwana mmoja Mjerumani aliyenunua mchele wa Ngonga na Ikolo. Alisema mafuta ya mashua yanapungua kila kukicha, na nyumba iliyo karibu na mahali inapolala ni ya Angetile, na ndani yake kuna debe linalonuka petroli. Debe hilo Zebedayo mwenyewe ndiye aliyempa, likiwa tupu, la kutekea maji ya kufinyangia. Siku ile sokoni hakulikumbuka hilo.

Neli, aliyebadilishana naye ndizi kwa vyungu tangu wakiwa wasichana, alirudisha chungu alichokwisha kukishika. "Dada, si mimi," alisema. "Baba watoto amesema kitu chako kisiingie kwetu."

Angetile akapanga vyungu vyake vyote tena ndani ya mtumbwi, akapiga kasia hadi kwao Ikombe bila kuaga mtu. Alikuwa mjane. Udongo wa Ikombe ni mzuri kwa vyungu, lakini mchele haustawi kwenye mawe ya mlimani; asiyeuza Lyulilo hali wali.

Nyumbani hakutulia. Alianza chungu, akakiponda kabla hakijapata mdomo. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Mashua ikinguruma ziwani, mikono yake iliacha kazi. Ikinyamaza, aliinuka kwenda kuchungulia. Usingizi ulimpata vipande vipande, na katika kila kipande alikuwa akibishana na Zebedayo.

Asubuhi moja alipanga vyungu vyake ufukweni, akavifunika majani makavu, akawasha. Mashua ilikuwa imeondoka muda si mrefu. Mara ulimi wa moto ukatoka kwenye majani, ukatambaa chini juu ya mchanga mtupu usio na hata kijiti, ukaenda hadi palipokuwa na alama ya ubavu wa mashua, ukafa hapo. Angetile akaviacha vyungu viungue vitakavyo. Akachota mchanga, akaunusa: petroli.

Zebedayo aliporudi, alimkuta amesimama majini, maji yakimfika magotini.

"Ugonile, mama," alimsalimu kwa dhihaka. "Leo umekuja kuchukua mchana?"

"Tangi lenu linavuja."

"Nimelipapasa chini, mbele na nyuma. Kavu kama mkeka. Au linavuja likikuona wewe tu?"

"Ulilipapasa mashua ikiwa majini?"

"Ulitaka iwe juu ya mti?"

"Hii yenu hulala mchangani."

Yotamu, mlinzi wa mashua, akatazama vidole vyake vya miguu. Bwana alikuwa ameagiza mashua iachwe kwenye nanga. Lakini Zebedayo alizaliwa katika mitumbwi, na kwao chombo kilichoachwa kwenye mawimbi usiku ni chombo cha mvivu. Kila jioni aliamuru kivutwe juu na kulazwa ubavu, kama watu wa pwani hii wanavyolaza mitumbwi yao. Angetile alijua chungu chenye ufa begani: ukikiweka wima na maji nusu, kinakaa kikavu, ukikiinamisha, kinakuaibisha.

Akaleta udongo mweupe wa kupakia nakshi, mkavu, uliosagwa laini. "Niacheni nilipake tangi hili lote. Kisha mlaze chombo chenu kama kawaida."

"Paka unga wako," Zebedayo akacheka. "Ukimaliza utusongee ugali."

Wakaivuta, wakailaza. Angetile hakuweza kusimama mahali pamoja. Alikwenda hadi majini, akarudi, akaenda tena. Zebedayo alikuwa bado anacheka Yotamu alipomwita. Kwenye mshono wa juu, bega la tangi lilipokutana na ubavu wake, weupe ulikuwa umepasuliwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, nao ulikuwa ukirefuka. Waliposimamisha mashua, mstari ulianza kukauka. Walipoilaza, ukarudi, na tone likaanguka.

Zebedayo aliliangalia tone lile, kisha akaangalia ziwa.

"Basi, mama. Yamekwisha."

"Yamekwisha wapi?"

"Si tumeona sote?"

"Lyulilo hawajaona. Ulisemea Lyulilo, ukanyooshe Lyulilo."

Akashusha sauti. "Nikisema kule, Bwana atasikia ni nani aliyeamuru ivutwe. Unataka nilazwe chini nichapwe kiboko?"

"Uliponiita mwizi hukuuliza mimi nitakula nini."

Kesho yake Yotamu akaja amebeba mkungu wa ndizi, akasema, "Zebedayo anasema ndaga, anashukuru." Angetile akamwambia aurudishe na ndaga yake. Yotamu akaogopa kuurudisha, akauacha mchangani, na mbuzi wakaula.

Fundi akaziba ufa kwa lehemu. Mashua ikaanza kulala kwenye nanga, na mafuta hayakupungua tena. Bwana aliambiwa tangi lilichakaa, naye akaridhika. Na huko Lyulilo watu wakasema: mnaona, tangu aumbuliwe ameacha kuiba.

Hilo ndilo lililomwinua Angetile kitandani kila alfajiri, hata vita vilipokuja na Bwana akakimbia, mashua ikazamishwa, tangi na ufa wake vikabaki chini ya maji. Bwana hadaiwi, hakujua. Neli alimfuata mumewe, na Angetile hakumpa tena mkono, lakini naye hamdai. Mdaiwa ni Zebedayo. Anadaiwa kusimama pale pale kwenye vyungu, siku ya soko, watu wakiwa wamejaa, na kwa sauti ile ile aseme: Angetile hakuiba. Bwana aliyemwogopa hayupo tena. Yeye Zebedayo yupo, hupita Lyulilo kila soko kununua samaki, na bado hajasema.