Geti la Mlinzi wa Geti

Septimus Raine, waliyemwita Sep, alilinda geti la kiwanda cha meli cha Ravensgill, pale Sunderland, kwa miaka thelathini na sita, na nyumba yake mwenyewe haikuwa na geti la maana. Ilikuwa na ubao uliooza, umefungwa kwa kamba, na ukitaka kuingia unaunyanyua kwa mikono miwili kama unamwamsha mlevi. Mkewe, Olive, aliulalamikia ubao ule mpaka akachoka.

Usije ukadhani ni uvivu. Mtaa mzima wa Amberley ulikuwa na mageti ya chuma, tena chuma cha meli, kizito, cha kurithisha wajukuu. Kila fundi wa Ravensgill alikuwa na kitu chake anachokitengeneza pembeni msimamizi akigeuka: koleo la makaa, rafu ya jikoni, geti. Walikiita cha nyumbani. Kilitolewa kipande kimoja kimoja, chini ya koti au ndani ya mguu wa suruali, ndiyo maana saa ya kutoka kazini ungedhani nusu ya mafundi wa mji wana baridi yabisi. Walikuwa wamezoea, wala hawakuona kosa. Lakini Sep ndiye aliyelipwa kuvikamata, sasa nani angemtengenezea yeye?

Na mwaka 1961 alikamata kweli. Jos Hedley, fundi chuma, jirani yake wa mlango wa tatu, alipita akichechemea, Sep akamwita kando. Ndani ya suruali mlikuwa na chuma cha kuchokolea moto, kipya, mpini wake umesokotwa vizuri. Sep angeweza kusema pita. Ila meneja alikuwa amesimama dirishani, na Sep naye alikuwa mtu wa sheria, sheria mpaka inakera. Akaandika jina. Jos alifukuzwa siku ileile, akakaa miezi minane bila kazi kabla ya kuchukuliwa na kiwanda cha ng'ambo ya mto. Kile chuma kikatundikwa ukutani kibandani kwa Sep, na karatasi yenye tarehe, kiwe onyo kwa wengine.

Mtaa haukuwatukana akina Raine, uliwanyamazia tu. Olive akiingia dukani kununua mkate, mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Agnes, mke wa Jos, aliyekuwa akija kila Jumatatu wafue pamoja, hakukanyaga tena. Olive hakumsema mumewe mbele ya watu. Jikoni alimwambia mara moja.

"Umeshika sheria yako, Sep, haya. Mimi ndiye ninayeshinda nayo hapa mchana kutwa."

Maneno hayo hayakumtoka akilini. Alizeeka nayo, na kusema nimekosa hakuweza, maana ulimi wa mtu wa sheria ni mzito mno kwa neno hilo.

Miaka ikaenda. Sep alipoanza kazi, watu elfu tatu walipita getini kwake asubuhi, kofia tupu, huwezi kuona ardhi. Meli ikijengwa, ilisimama mwisho wa mtaa juu kuliko mabomba ya moshi, Olive akapika mchana na taa imewashwa. Siku ya kuishusha majini shule zilifungwa, watu wakapiga kelele, na jioni ile jua likaingia jikoni ukaona vumbi lote. Kisha fundi mwingine akaweka bati la kwanza la meli nyingine, giza likaanza kupanda upya. Baadaye wenye meli wakaanza kupeleka kazi Japani, halafu Korea. Elfu tatu wakawa mia tisa. Ravensgill ikaunganishwa na kiwanda kimoja, ikauzwa, ikabadilishwa ubao wa jina mara tatu. Jikoni kwa Olive jua likaja likakaa moja kwa moja, na hapakuwa na mama hata mmoja mtaani aliyelifurahia.

Mwaka 1988 wakatangaza kufunga. Watu walikuwa sitini, na kazi iliyobaki ni kivuko kimoja cha kumalizia. Kuanzia siku hiyo Sep alifanya jambo ambalo hakulisema hata kwa Olive. Saa ya kutoka ikifika, alikuwa akiwapa mgongo mafundi, akiliangalia birika lake la chai. Waliochechemea wakachechemea. Lakini tabia ni tabia jamani, na kioo cha kibandani kilimwonyesha kila kitu nyuma yake. Alihesabu bila kutaka.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Wenzake walipomaliza kutoka, Sep alifunga dirisha, akasimama mbele ya kile chuma ukutani. Alikuwa mzee wa miaka sitini na nne. Akakishusha, akang'oa karatasi, akakitumbukiza ndani ya suruali, akafunga geti la Ravensgill na kwenda zake akichechemea.

Alikuwa amejipanga: atapiga hodi kwa Hedley, atakitoa, atasema lile neno. Hakufika mbali hivyo. Nje ya nyumba yake walikuwa wamesimama watu kama ishirini, Agnes kamshika Olive mkono, na Jos Hedley kapiga goti anapaka grisi bawaba. Ubao ulikuwa umekwenda. Mahali pake palikuwa na geti la chuma, limepakwa rangi ya kijivu ya meli.

Olive alikuwa akilia waziwazi, wala hakujifuta.

Jos akainuka polepole. "Vipande kumi na saba, Sep, tangu ulipoanza kuwapa vijana mgongo. Vyote vimepita puani kwako, mimi nikaja kuviunga hapa. Hukuona hata kimoja, jirani?"

"Kumi na vinane," Sep akasema. "Bawaba moja ilikuwa ndani ya kopo la chai la Norman. Ilikuwa inagonga."

Watu wakaangua kicheko, Norman, mmoja wa mafundi wale sitini, akasonya. Sep mwenyewe hakucheka. Alikuwa akilitazama geti tu, maana vyote kumi na vinane aliviona, ila hakujua vinakwenda wapi.

"Na mguu je?" Jos akauliza.

Sep akafungua kifungo cha juu cha suruali, mbele ya mtaa mzima, akakivuta kile chuma mpaka kikatoka. Akampa.

"Nilikukosea, Jos. Ningeweza kukuacha upite."

Jos akakishika, akapitisha kidole gumba kwenye ule msokoto alioutengeneza akiwa kijana wa miaka thelathini.

"Umepitaje nacho getini?" akauliza mwishowe.

"Mlinzi alikuwa anaangalia birika."

Jos akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akalifungua lile geti kwa mkono mmoja, akaingia kwa Sep kunywa chai, na chuma chake kwapani.