Jaji wa Albamu na Wimbo wa Tisa

Mtu akikuambia Njoro hakuna wataalamu, mpeleke kwenye duka la agrovet lililo mkabala na stendi, amwulize Ephantus Kamande. Ephantus atamuuzia dawa ya minyoo ya ndama, atamshauri kuhusu ng'ombe anayekataa kula, na kabla hajampa chenji atakuwa ameshamweleza kwa nini hip-hop ilikufa. Hakuna aliyemwuliza, lakini hilo si neno. Hiyo huduma anaitoa bure kwa wakulima, kwa wanafunzi wa chuo, hata kwa mapasta, na akimaliza huvuta suruali juu ya kitambi na kusema kwamba wao hawawezi kuelewa.

Kwa hekima hiyo yote watu wakampa jina la Jaji. Alilipokea kwa unyenyekevu mkubwa, yaani alilibandika kwa herufi nyekundu kwenye kioo cha nyuma cha Probox yake, herufi kubwa mpaka akawa haoni magari yanayomfuata.

Ujaji wenyewe ulikuwa hivi. Jumapili ya mwisho ya mwaka, watu wakishatoka kanisani na kushiba, wapenzi wa hip-hop wa Njoro hukutana kwa Masinde, pale anapoosha magari kando ya barabara ya Mau Narok. Kila mwenye albamu aliyoipenda mwaka huo anaileta. Zinapigwa nyimbo tatu kwenye spika ya Masinde, mwenye kuileta anaitetea, kisha inapigwa kura. Karatasi hakuna. Watu wote wamekalia kreti za soda zilizopinduliwa. Ukiikubali albamu unasimama, ukiikataa unabaki umekaa, na ukishakaa umekaa, hakuna kubadilisha. Itakayosimamisha wengi ndiyo Masinde ataipiga mwaka mzima, na madereva wanaoleta magari yao kuoshwa wataibeba mpaka Nakuru, Molo na kwingine. Kwa msanii wa huku kwetu, ambaye redio hazimjui, zile kreti zina nguvu kuliko meneja.

Ni kikao huru kabisa, kila mtu na masikio yake. Ila wakati wa kura ukifika, watu wazima wenye wake na vitambulisho hugeuka wote kutazama makalio ya Jaji. Yakiinuka, nao wanainuka. Yakibaki kwenye kreti, wanabaki, na yule aliyekuwa ameanza kusimama hujifanya alikuwa ananyoosha mgongo.

Sasa, mwaka huu Kigen alitoa albamu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Huyu Kigen na Ephantus walikuwa kundi moja zamani, enzi ambazo Ephantus alikuwa na kiuno. Walirekodi nyimbo zao kwa simu, ndani ya stoo ya agrovet, katikati ya magunia ya chakula cha ng'ombe kwa sababu magunia yanazuia mwangwi. Walikuwa wazuri, kusema ukweli. Wakaitwa kwenye shindano Nakuru mjini. Dakika chache kabla ya kupanda jukwaani, Ephantus alichungulia ukumbi, akaona watu walivyojaa, akasema anatoka kununua maji. Maji hayo hajarudi nayo hadi leo. Kigen alipanda peke yake, akafika kwenye ubeti wa mwenzake, akanyamaza pale mbele za watu huku biti ikienda, na ukumbi ukamzomea. Tangu hapo wawili hao wamekuwa wakisalimiana kwa honi tu. Na Ephantus, kama ilivyo kawaida ya wanaoogopa maikrofoni, akapandishwa cheo kutoka rapa hadi jaji.

Albamu ya Kigen ilikuwa na nyimbo kumi, na jina lake *Baridi ya Mau*. Kigen hakuficha kitu. Aliwaambia watu wazi kwamba amejaribu vya kutosha. Kama watu wa nyumbani wataikataa kwa Masinde, anaachana na muziki na kurudi Mau Narok kwenye viazi vya baba yake, mzee ambaye amechoka na amemwita mara nyingi. Kila mtu Njoro alilijua hilo. Jaji naye alilijua.

Jaji alitoa hukumu wiki hiyohiyo albamu ilipotoka. Kuisikiliza hakuisikiliza, lakini tangu lini jaji mwenye kipaji akahitaji ushahidi? Alisema sauti ni ya mtu mwenye mafua. Alisema biti zimezeeka. Alisema jamaa anaimba habari za viazi, na nani anataka kusikia habari za viazi. Akayasema hayo akimpimia dawa ya ukungu mkulima wa viazi. Lakini kilichomfurahisha zaidi ni wimbo wa tisa. Aliambiwa kwamba katikati ya wimbo huo kuna mahali biti inakwenda tupu, muda mrefu, bila mtu kusema neno. Jaji alicheka hadi akashika kaunta. "Amesahau maneno," alisema, "na studio amelipia."

Utani huo ulizunguka Njoro nzima. Watu walianza kunyamaza katikati ya maneno na kusema wameimba wimbo wa tisa.

Kulikuwa na msichana mmoja wa chuo, Cheruto, aliyefuga kuku mahali alipopanga na hivyo hakukauka pale dukani. Yeye hakucheka. Alimwachia Ephantus flashi yenye albamu hiyo kwenye kaunta, akamwambia tu asikilize kwanza. Ephantus aliitupa kwenye gari pamoja na risiti na maganda ya njugu.

Siku moja alikuwa anapeleka chakula cha ng'ombe Mau Narok. Huko juu redio ikaanza kukwaruza, kama kawaida yake, halafu ikapotea kabisa. Ikabidi achague kati ya Kigen na mawazo yake mwenyewe. Mawazo yake alikuwa ameshayajaribu. Akachomeka flashi.

Wimbo wa kwanza alisonya. Wa pili akafungua dirisha. Wa nne ukamkuta amepita geti la mteja wake bila kuliona. Ulipofika wa tisa, biti aliijua mara moja: ilikuwa ile ya stoo, ile ya magunia, imesafishwa tu. Kigen aliimba habari za baridi na za vijana wawili waliokuwa wakipokezana simu moja, halafu akanyamaza. Biti ikaenda tupu. Ephantus akajikuta anahesabu mistari kwa kidole kwenye usukani, na alipofika kumi na sita Kigen akarudi. Mistari kumi na sita ndiyo iliyokuwa urefu wa ubeti wake yeye, ule alioukimbia Nakuru. Kigen hakuwa amesahau neno hata moja. Alimwachia mwenzake nafasi yake, kama familia inavyomwekea chakula mtu ambaye hajafika.

Ephantus aliegesha gari kando ya shamba la ngano akaona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakamwaka moto. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho ni wivu. Albamu ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote ambacho yeye angeweza kufanya hata kama angerudi na yale maji.

Basi mtu akishagundua amekosea namna hiyo hufanya nini? Hurudi akawaambia watu. Jaji wetu alirudi akaongeza utani mwingine kuhusu wimbo wa tisa, kisha akaendelea kuusikiliza kwa siri kila aliposafiri, vioo vyote vimefungwa, jua likiwaka. Mkewe Wamuyu alimwuliza, "Baba Shiru, mbona siku hizi unafika umeloa jasho?" Akasema vioo vya gari vimeharibika.

Jumapili ikafika. Jaji aliacha Probox ioshwe, akampa Masinde ufunguo, akakalia kreti yake ya mbele. Kigen alikuja pia, akakaa nyuma kabisa na jaketi lake limefungwa mpaka kidevuni, akasalimia watu na hakusema zaidi.

Jaji ndiye aliyeanza. Alileta albamu ya Mmarekani mmoja mwenye meno ya dhahabu, ambayo hakuna aliyesikia neno ndani yake, hata yeye mwenyewe. Aliwaeleza kwamba hiyo ni ya ndani sana, haitaki haraka. Akasimama, na mara moja wote wakaielewa. Masinde akaleta ya vijana wa Nairobi iitwayo *Maji Imepotea*, ambayo angalau ilimfanya mtu atikise kichwa, lakini makalio ya mbele hayakuinuka, na ikaishia hapo.

Kisha Cheruto akasimama na *Baridi ya Mau*. Alichagua nyimbo tatu, na wa tisa hakuuthubutu, kwa sababu ya ule utani. Alisema hajawahi kusikia mtu akiitaja baridi ya huku asubuhi, na mama anayeosha viazi kwa maji ya barafu, kana kwamba ni mambo yanayostahili kuimbwa. Alisema kati ya albamu zote za mwaka huu hii ndiyo pekee ambayo haikujifanya inatoka kwingine. Akamaliza, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeileta, akabaki amesimama kama kura ya kwanza.

Wote wakamtazama Jaji.

Ephantus alihisi miguu ikitaka kuinuka yenyewe. Akafikiria atakachosema akisimama: kwamba alicheka kitu ambacho hakukisikia, kwamba ile nafasi tupu ni yake. Halafu Jumatatu angekuwa nani? Muuza dawa ya minyoo. Akabaki kwenye kreti, macho chini, na wengine wote wakabaki na yeye. Cheruto alisimama peke yake kwa muda ambao haukuwa mzuri kwa mtu yeyote.

Kigen alitikisa kichwa kukubali. Alimpa Cheruto mkono, akamshukuru, akasema kesho anapanda Mau Narok, viazi vinamngoja. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Ephantus zaidi.

Wakati huo pikapu ikaingia, imejaa matope, na Probox ya Jaji ilikuwa imeziba njia. Masinde akaenda kuisogeza. Akawasha gari.

Redio za magari haya kila mtu anazijua. Ukizima gari, redio inakumbuka ilipoishia, na ukiwasha inaendelea palepale. Kila mtu anajua, isipokuwa, inaonekana, jaji aliyechomoa ufunguo kwa haraka huku amesahau kupunguza sauti. Ikatoka sauti ya Kigen, kubwa, ikimalizia mstari. Kisha biti tupu.

Mtu mmoja akacheka kwamba huo si ndio ule wa kusahau maneno. Kicheko kikaanza kuzunguka, halafu kikafa chenyewe, kwa sababu kila aliyecheka alijiuliza wimbo huo unafanya nini ndani ya gari la Jaji. Masinde alitoa mkono kwenye usukani. Watu wakamgeukia Jaji, safari hii usoni, na wakamkuta midomo inamcheza. Alikuwa anaufuata ubeti ambao haupo, neno kwa neno, bila sauti, na wala hakujua kwamba anafanya hivyo.

Kigen alikuja mpaka mbele ya kreti.

"Huo ni wa tisa," alisema. "Kwa hivyo ulisikiliza."

Ephantus akakubali kwa kichwa.

"Yote?"

"Yote."

"Sasa Efa, mbona umekaa?"

Hilo jina la Efa hakuwa amelisikia tangu Nakuru. Angeweza kutafuta maneno, maana maneno ndiyo kazi yake, ya biti zilizozeeka na sauti yenye mafua. Yote yalimkauka.

"Kwa sababu ni nzuri," alisema.

Kisha akasimama. Na tazama miujiza: kreti zote zikabaki wazi, kila mtu amesimama, kila mtu amegundua ghafla kwamba tangu mwanzo aliipenda. Masinde, ambaye hana dogo, alipaza sauti kutoka garini kwamba sheria ni sheria, ukishakaa umekaa, na Mmarekani ameshinda. Kigen akasema ni sawa, awaache wakae, maana hawakusimama kwa ajili yake hata sasa. Ila akaomba wimbo urudishwe mwanzo na milango ya gari ifunguliwe.

Biti ilipofika patupu, Kigen hakuimba na hakumtazama mtu. Alingoja tu, mikono mfukoni. Ephantus alianza amechelewa, akakosa pumzi mstari wa nne, akaruka wa saba, kitambi kikipanda na kushuka mbele za watu wote aliokuwa akiwahukumu. Ilikuwa mbaya. Cheruto alitazama kando kwa huruma. Lakini alifika wa kumi na sita, na Kigen akaingia.

Masinde amekuwa akipiga albamu ya yule Mmarekani tangu siku hiyo, na hakuna anayemwelewa bado. Kigen alikwenda Mau Narok Jumatatu kama alivyosema. Aliyempeleka ni Ephantus, kwa Probox, vioo vimefunguliwa na redio imezimwa, kwa sababu alikuwa na miaka mingi ya kueleza na barabara ile si ndefu.