Mzito Mbele

Klabu yetu ya matembezi ina kanuni moja ambayo sijawahi kusikia mtu akiijadili: mzito mbele. Anayetembea polepole kuliko wote ndiye anayetangulia, na hakuna ruhusa ya kumpita. Akisimama, tunasimama. Akitaka kukaa juu ya jiwe aangalie kabichi za watu, na sisi tunaangalia kabichi za watu.

Kanuni hiyo ilitungwa na mwenyekiti wetu, mama muuguzi mstaafu aliyeanzisha klabu kwa ajili ya wagonjwa wake wa presha na sukari. Aliniambia kwamba siku za mwanzo wenye nguvu walikimbilia mbele, na wagonjwa walioachwa nyuma waligeuka kimyakimya wakarudi makwao. Jumamosi iliyofuata hawakuonekana.

Mimi nilijiunga mwaka ule niliomaliza chuo na kurudi Lushoto. Mama ndiye aliyenisukuma, maana nilikuwa nashinda chumbani nikiandika maombi ya kazi, nikiyafuta, nikiyaandika tena kwa kuhofia kwamba salamu ya mwanzo imekaa vibaya. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wameshaajiriwa, au ndivyo walivyosema. Siku ya kwanza tulipopandisha kuelekea kwenye mwamba unaotazama Mazinde, niliishiwa pumzi hata kabla nyumba za mji hazijaisha.

"Wewe binti," mwenyekiti akaita, "njoo mbele."

Nyuma yangu walijipanga watu wa umri wa bibi yangu. Aliyenifuata kabisa alikuwa mzee mrefu mwenye koti la sufu na fimbo.

"Shikamoo babu," nikamwambia. "Pita tu."

"Marahaba. Nipite niende wapi? Mimi nimeendesha lori la mbao barabara ya Mombo maisha yangu yote, mjukuu wangu. Mlima unapandwa kwa gia namba moja. Tia moja, twende."

"Huyo msomi wako katia rivasi," akadakia mama mmoja muuza karoti, na mstari mzima ukacheka.

Nilicheka pia, halafu nikakaa wiki nzima nikijiuliza kama walicheka au walinicheka. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo nilikuwa mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa ananipita.

Miguu yangu ikakomaa, nikasogezwa nyuma, na mbele wakakaa wengine. Yule mzee alizoea kuwa wa mwisho kabisa, akihakikisha hakuna aliyesahaulika njiani. Kwa hiyo sisi tuliotembea karibu naye ndio tulioanza kuisikia pumzi yake. Ilikuwa kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Tuliisikia, tukaongea kwa sauti zaidi ili tusiisikie.

Asubuhi moja tulipojipanga, mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hasiti, alibaki anaangalia viatu vyake. Sote tulijua mzito ni nani. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anaomba Mungu amfanye yeye achoke siku hiyo. Mzee mwenyewe ndiye aliyetoka nyuma, akapita kando ya mstari akigonga fimbo.

"Nipisheni, lori bovu linapita!"

Watu wakacheka kidogo. Alipofika mbele akageuka.

"Msomi akae nyuma yangu. Huyo hana haraka."

Maneno hayo yaliniuma na kunifariji kwa pamoja. Kuanzia siku hiyo kazi yangu ikawa kutazama visigino vyake. Nikimkaribia sana, niliwaza, atahisi namsukuma. Nikibaki mbali, atajiona ameachwa peke yake. Sikuwahi kuupata umbali unaofaa.

Tukipumzika ndipo alinisimulia habari za ule mwamba. Alizaliwa Mazinde, kule chini kwenye joto, na alipokuwa mdogo mama yake alimpandisha huku kwa miguu. Kwenye ule mwamba mama alitua mzigo, akamwonyesha walikotoka, akamwambia kwa Kishambaa kwamba sasa wamefika. Hakuwahi kumpa mtu habari nyingine yoyote ya mama yake, angalau si mimi. Wanawe walikuwa tayari kumpeleka pale kwa gari. Akakataa.

"Kwa gari nimepita Mazinde maisha yangu yote bila kusimama," alisema. "Nataka nifike pale kwa miguu, mara moja tena tu. Basi."

Hivyo klabu nzima ikawa na safari moja, na kila Jumamosi ilikuwa inaishia chini kidogo ya pale ilipoishia Jumamosi iliyotangulia.

Siku ambayo hata hivyo sisi sote tuliamini atafika, tulianza mapema, ukungu ukiwa bado umelala mashambani. Alitembea vizuri hadi kwenye kona ya mikaratusi. Ukiwa pale huuoni mwamba, ila unausikia upepo wa bonde, una joto na harufu ya vumbi. Hapo akasimama, akashika mti, akaketi chini taratibu.

Mwenyekiti alimshika mkono, akamsikiliza mapigo, akampa maji.

"Nipiteni," mzee akasema.

"Hatukupiti."

"Mwenyekiti, nakuomba. Watu wameamka alfajiri. Wapite wakaone."

"Mzito mbele, mzee wangu. Unaijua kanuni."

"Mimi si mzito tena. Mimi nimezima."

Hakuna aliyecheka. Kisha akaniangalia mimi.

"Mjukuu wangu, wewe una miguu. Nenda ukaniangalizie."

Nilimtazama mwenyekiti, naye akatazama mikaratusi. Nikienda, nitakuwa mtu wa kwanza kumpita, na atauona mgongo wangu ukitokomea kwenye kona. Nisipoenda, nimemnyima jambo pekee aliloniomba. Nilisimama pale nikipima hili na lile, mpaka mama muuza karoti akafungua kikapu chake na kuanza kugawa plamu, na wenzangu wakakaa chini mmoja mmoja kumzunguka mzee. Nami nikakaa. Mzee akala plamu yake, akatema kokwa, akasema, "Haya." Mpaka leo sijui ile "haya" ilikuwa na maana gani.

Hakupanda tena. Tukawa tunakwenda kwake, naye anatutangulia kutoka mlangoni hadi kwenye mgomba wa mwisho wa ua na kurudi, sisi tukiwa mstari nyuma yake.

Alifariki masika yalipokaribia. Wanawake tulibaki uani, kama ilivyo desturi, na kutoka pale tuliiona njia ya makaburini ikikata mteremko. Wanaume walitoka na jeneza wakiwa mbiombio, wakipokezana mabegani, kila mmoja akitaka kulibeba hatua chache. Ndivyo maiti ya Mwislamu inavyosindikizwa, haicheleweshwi. Nilikuwa najua. Lakini sikuwahi kumwona mzee yule akienda kasi namna ile. Mwenyekiti wetu, Mlutheri wa siku zote, kajifunga kanga ya msiba, akanishika mkono.

"Taratibu, jamani," akasema, si kwa mtu yeyote. "Taratibu."

Klabu ilipokutana tena tulipandisha njia ileile. Kwenye kona ya mikaratusi mstari ukasimama wenyewe. Mwenyekiti akanigusa bega.

"Binti, nenda ukamwangalizie."

Nikatangulia peke yangu. Ukungu ulikuwa umeondoka. Niliiona Mazinde chini, mabati yake yaking'aa, barabara ya lami ikipita katikati bila kukata kona, na lori moja dogo kama punje likielekea upande wa Mombo. Niliangalia kwa makini sana, mabati, barabara, lori, rangi ya vumbi, nikiwaza nianze na lipi na nimalizie na lipi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumweleza mzee.