Wananitaka na Ngozi Yangu ya Zamani

Mie ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mkazi wa Temeke. Jina langu naomba mlifiche, maana huku kwetu limeshasemwa vya kutosha.

Tangu utotoni nina pumu ya ngozi. Viwiko, shingo, nyuma ya magoti, kote napasuka na kutoa maji. Mchumba wangu, kijana wa Kinondoni, alinipenda hivyo hivyo, na mama yake akanipokea hivyo hivyo, akiniita mkwe. Kosa langu ni kutaka kupendeza siku ya harusi.

Hizi zahanati za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa, nikasikia kuna daktari aliyesomea Urusi anatibu ngozi kwa damu. Anakuvuta damu mkononi, palepale anakuchoma hiyo hiyo kwenye kalio. Damu yangu mwenyewe, wala haichanganywi na ya mtu. Nikawa naenda kila wiki. Wallahi ngozi ikatulia. Nikavaa gauni la mikono mifupi kwa mara ya kwanza maishani, nikalia mbele ya kioo.

Basi akaja somo wangu, yule mama anayenifunda, kunisinga liwa ya harusi. Kufika mkononi akaona alama za sindano. Nikamweleza yote, sikuficha. Akaenda kunawa kwa sabuni mpaka juu ya viwiko, akavaa baibui lake akaondoka, mie liwa inanikaukia mgongoni. Magharibi haijafika, mtaa mzima unasema nimekanyaga miwaya, nina ukimwi, nadungwa dawa kwa siri.

Nimepima, sina. Mama mkwe kasema siku hizi majibu yananunuliwa. Harusi imesimama. Inaniuma jamani.

Wiki iliyopita mchumba alikuja, kakonda, hanitazami usoni. Akasema, "Mie nakuamini. Ila acha hizo sindano, ngozi irudi kama zamani. Mama akiiona ataijua, ni ile ile aliyokukubali nayo."

Kaongea kwa upole, hata kumkasirikia nimeshindwa.

Ndugu wasomaji, wiki hiyo hiyo sikwenda kwa daktari. Tangu jana kiwiko kimeanza kuwasha, na mie, Mungu anisamehe, nimefurahi. Kesho asubuhi ndiyo zamu yangu ya sindano. Nyie mlio na mabinti, niambieni kama mnavyowaambia wao: niende, au nikae nijikune?