Fundi wa Makochi Asiyejua Kudai

Mtaa mzima ulimwita Mama Sponji, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Ukimkuta kazini ulijionea mwenyewe: chembechembe za sponji kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka ndani ya kikombe chake cha chai. Alikuwa fundi wa makochi. Mumewe, Baba Mapacha, mtu mkimya kuliko mbao zake, aliunga fremu nyuma ya karakana. Mama Sponji akazivika sponji na kitambaa huku mbele, karibu na mlango, ambako alimwona kila apitaye, na kila apitaye alimsikia yeye. Akicheka, wa kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara wanageuka.

Kazi yake haikuwa na doa. Ukikalia kochi lake unasahau ulikokuwa unakwenda. Ila alikuwa na kilema kimoja cha biashara: hakujua kudai. Angeweza kumwambia mtu lolote, lakini "nilipe hela yangu" ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku moja aliondoka kifua mbele kwenda kumdai mshona viatu aliyechukua viti viwili kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Alirudi jioni mikono mitupu, tena amewashonea watu wa nyumba ile mto bure kwa sababu ule waliokuwa nao ulimtia huruma, na nauli yake kamwachia mtoto wao anunue peremende.

"Ulikwenda kudai au kutoa sadaka?" Baba Mapacha akamuuliza.

Kesho yake Mama Sponji akatundika kibao mlangoni: TASLIMU TU. Akadhani amemaliza kazi.

Kumbe ndiyo kwanza alikuwa ameifunga milango. Watu wangapi siku hizi wanatembea na fedha ya seti nzima ya makochi mfukoni? Wateja waliingia, wakakaa, wakabonyeza, wakasifia, kisha wakauliza, "Mnachukua kadi?" Hapana. "Naweza kulipa kidogo kidogo?" Hapana. Basi wakaaga kwa adabu, wakaenda kwenye duka kubwa la kona, linalouza makochi ambayo ukiyakalia mwaka mmoja yanakuonyesha mbavu zake. Mama Sponji akabaki kuyaangalia yakipita mbele ya mlango wake juu ya pikapu, roho ikimuuma kuliko kama angeibiwa.

Aliyemtoa hapo ni wifi yake, dada mdogo wa Baba Mapacha, aliyekuwa akiuza simu mjini na kusema kwa kasi ya cherehani. Jumapili moja alikuja na habari: kuna mashine ndogo ya kupokelea malipo ya kadi, na kuna kampuni ya mikopo inayofanya kazi na mafundi wadogo.

"Mikopo?" Mama Sponji akaruka. "Wifi, wewe unanijua mimi!"

"Ndiyo maana nimekuja. Sikiliza, wifi yangu. Mteja akichagua kulipa kwa awamu, kampuni inakulipa wewe ukishampelekea kochi. Deni linabaki kati yake na kampuni. Akichelewa, wanamdai wao."

"Wanamdai wao?"

"Wao."

"Mimi sitii mguu kwake?"

"Labda akualike chai."

Mama Sponji akamtazama mumewe. Baba Mapacha akafikiri, akapuliza vumbi la mbao kwenye randa, akasema, "Jaribu." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Wakaomba, kampuni ikawakubalia, mashine ikaletwa. Ilitosha kiganjani. Kijana wa kampuni akapiga simu kumwelekeza namna ya kuiwasha.

"Mama, hapo kwako wifi ipo?"

"Yupo, anakunywa chai."

"Inafanya kazi vizuri?"

"Sana, ila leo yuko mapumziko."

Kijana akajaribu tena. "Namaanisha, ina kasi?"

"Kwa maneno? Mwanangu, hakuna wa kumshinda!"

Wifi mwenyewe, aliyekuwa akisikia yote, alicheka mpaka chai ikampalia. Ikabidi Baba Mapacha ampige mgongoni, ndipo akapata pumzi ya kuichukua simu na kueleza kwamba intaneti watatumia ya simu ya mkononi.

Mteja wa kwanza wa kadi alikuwa Mwalimu, jirani wa mtaa wa pili, mtu nadhifu wa kalamu mfukoni. Alichagua kochi la watu wawili, la bluu. Mama Sponji akabonyeza bei, akaichomeka kadi, akageuza uso pembeni ili Mwalimu aandike namba ya siri. Mashine ikawaza. Ikalia mlio mbaya. Salio halitoshi.

"Haiwezekani," Mwalimu akasema. "Jaribu tena."

Akajaribu tena. Salio halitoshi. Wakati huo wateja wengine wawili walikuwa wameketi pale wakipima ulaini, na masikio yao yalikuwa yamesimama wima. Mwalimu akawa mwekundu wa macho. Akaichomoa kadi yake, akasema kwa sauti ndogo, "Sikuja hapa kuaibishwa," akatoka.

Mama Sponji akabaki na mashine mkononi. Akaitazama mashine kama inaweza kujitetea. Ndipo akaona. Sifuri! Kwa kuharakisha alikuwa ameongeza sifuri moja mwishoni. Alikuwa akimtoza Mwalimu bei ya makochi kumi.

Hakungoja. Alitoka mbio kama alivyo, mkasi ukining'inia shingoni, uzi ukimfuata nyuma, mashine ameishika juu kama mwenge. "Mwalimu! Mwalimu, kosa ni langu! Sifuri imezidi!" Watu wakatoka kwenye maduka. Kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu. Mwalimu aliposimama mbele ya duka la vioo, Mama Sponji alikuwa hoi, akiongea na kuhema kwa pamoja.

"Hela yako inatosha... mimi ndiye... sitoshi. Nimeandika... bei ya makochi kumi. Nisamehe, Mwalimu. Na nimeomba radhi kwa sauti ili waliokuwepo wote wasikie."

Mwalimu akamtazama: mkasi, uzi, sponji kwenye nyusi. Akajaribu kuendelea kukasirika, ikamshinda. Cheko likamtoka.

"Wanafunzi wangu nawaambia kila siku, sifuri si kitu cha mchezo," akasema, akatoa kadi.

Wakamalizia biashara hapohapo kando ya barabara. Safari hii Mama Sponji aliisoma bei kwa sauti, Mwalimu akaikagua, na muuza vioo naye akachungulia akathibitisha. Mashine ikalia mlio mzuri. Karatasi ndogo ikatoka, watu wakapiga makofi kana kwamba mtoto amezaliwa. Tangazo la namna ile hata duka la kona lisingeweza kulilipia. Kabla ya jua kuzama mtaa wote ulijua kwamba kwa Mama Sponji kadi inapokelewa, na kwamba akikosea atakukimbiza akurudishie heshima yako.

Malipo ya awamu ndiyo yalimpa kazi zaidi. Afisa mauzo wa kampuni alikuwa amemfundisha mbinu: mtajie mteja kiasi cha kila mwezi tu, jumla usiiseme mpaka aulize. Mama Sponji aliitikia kwa kichwa, lakini moyo ulikataa. Wa kwanza kutaka awamu alikuwa Bibi Mkunga, mkunga mstaafu ambaye nusu ya mtaa ilipitia mikononi mwake, wakiwemo mapacha wa Mama Sponji.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Magoti yangu yamegoma. Nikikaa kwenye kiti changu cha chini, kuinuka mpaka niite majirani. Nataka kochi la juu, lenye mikono imara. Na nimesikia unatoa kwa kidogo kidogo."

Mama Sponji akavuta kiti karibu. Akamwambia bei ya taslimu. Kisha akamwambia bei ya awamu yote kwa jumla, riba ndani yake, akairudia polepole. "Bibi, kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mwaka na nusu wanaoupenda wao, utakuwa umelipia na mguu mmoja wa kochi ambao hujapewa. Ukiweza kungoja ukaweka akiba, utaokoa."

"Magoti hayangoji," Bibi Mkunga akasema. "Lakini hapana muda mfupi zaidi?"

Mama Sponji akampigia afisa mauzo, sauti ya simu ikiwa wazi. Muda mfupi upo, afisa akasema kwa kujivuta, na riba yake ni ndogo. Miezi sita, au tisa.

"Tisa!" Bibi Mkunga akapiga mkono wa kiti. "Maisha yangu yote nimefanya kazi na miezi tisa. Hiyo naimudu usingizini."

Kochi likachongwa kwa kipimo cha magoti yake. Baba Mapacha alikwenda mwenyewe nyumbani kwake na futi ya kupimia, akamkalisha na kumwinua mpaka akaridhika. Siku kochi lilipofikishwa, kampuni ikalipa kama ilivyoahidi, na Mama Sponji aliangalia ujumbe wa benki kwenye simu mara kadhaa, asiamini kwamba kuna deni duniani lisilomhusu.

Tangu hapo Bibi Mkunga akawa anapita kila akishalipa mwezi wake, anasimama mlangoni na kutoa ripoti bila kuulizwa. "Mwezi wa tatu, kichefuchefu kimeisha." "Mwezi wa tano, anacheza." Wateja waliokuwemo ndani walimkodolea macho bibi yule wa mvi, kisha Mama Sponji akawaeleza, na kwa kueleza hivyo akajikuta amewafafanulia riba, muda na jumla vizuri kuliko kipeperushi chochote. Wengine walichagua awamu fupi. Wengine walisema, "Basi ngoja nijikusanye," na Mama Sponji akawakubalia bila kinyongo. Wengi wao walirudi. Kazi ikaongezeka mpaka ikabidi waajiri mshonaji wa pili, na shule ya Mwalimu ikaagiza viti vya chumba cha walimu.

Asubuhi moja Bibi Mkunga aliingia akitembea wima, bila mkongojo, akainua juu simu yake yenye ujumbe wa awamu ya tisa kulipwa.

"Nimejifungua! Salama salimini, mama na mtoto!"

Mama Sponji akapiga vigelegele mpaka kituo cha mafuta wakaacha kujaza. Wakakumbatiana, sponji zikahamia kwenye kilemba cha Bibi.

"Sasa," Bibi Mkunga akasema, akiketi na kunyoosha miguu, "nataka na kigoda cha kuwekea miguu, kifanane na kochi langu. Hiyo awamu yenu ipo bado?"

"Bibi!" Mama Sponji akashika kiuno. "Hata arobaini haijatimia? Pumzika kwanza, kuna uzazi wa mpango!"

Huko nyuma randa ya Baba Mapacha ikanyamaza, kikasikika kicheko kinene ambacho wengi hawakukijua. Bibi Mkunga akajifuta machozi, akafungua pochi na kutoa kadi. Kigoda akakilipia chote kwa mara moja, na bei aliisoma mwenyewe kwenye mashine, kwa sauti, sifuri moja baada ya nyingine.